Posa Iliyopanda Mlima

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukaidi, na huyo mjukuu wako Chiriku anakuachia walau nafasi ya kumeza mate. Mimi sijambo. Kazi ya ukunga ni ile ile, watoto wa watu wanazaliwa saa wanazotaka wao, na sisi tunakimbia nyuma yao. Baridi ya huku imeingia mpaka kwenye mto wa kulalia, lakini nimezoea.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu binti yangu hukaa katikati yetu, na jambo hili si la masikio yake bado.

Unamkumbuka yule fundi wa mafriji aliyekuja zahanati kutengeneza friji la chanjo, muda mfupi kabla sijaondoka? Mrefu, mpole, aliyesahau bisibisi zake akarudi kuzichukua mara mbili. Ulisema mtu hasahau bisibisi mara mbili. Mama, ulikuwa na haki. Tumekuwa tukizungumza kwenye simu tangu nilipofika huku. Hana mke, alimwuguza baba yake mpaka mzee akafariki, na miaka ikampita hivyo. Sasa ameniomba nikirudi tuoane.

Nilijiuliza nimwombe nani ruhusa. Wazazi wangu walishatangulia, shangazi aliyenilea naye kawafuata. Mume wangu, mwanao, huu ni mwaka wa nne yuko udongoni. Nimebaki na wewe. Najua mama mkwe haombwi jambo kama hili, na wenzangu wakisikia watasema nimepungukiwa. Lakini siwezi kulifanya nyuma ya mgongo wako. Ukisema hapana, basi ni hapana, wala sitakuuliza sababu.

Nibusie Chiriku kwenye paji la uso, akilala, maana akiwa macho hatulii.

Wako,
Mkweo


1 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba. Sisi huku hatujambo. Goti lina siasa zake, leo liko upande wangu, kesho upinzani. Mjukuu amepona matubwitubwi. Siku zile mashavu yalipovimba nilipata utulivu kidogo, hakuweza kufungua kinywa. Sasa anafidia.

Najua umesubiri. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaenda kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Usije ukadhani nililia sana. Nililia kidogo tu, na mapazia yalikuwa yameshalowa.

Mwanangu alikufa, wewe hukufa. Hilo kichwa kinalijua. Moyo ndio bado unasoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi kwa herufi, ukifika kwenye neno gumu unarudi mwanzo wa mstari. Nivumilie.

Huyo Fundi wako nilimwita aje kunywa chai. Akaja, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Shati lake limepigwa pasi mbele tu, mgongoni makunyanzi matupu. Mimi nimepiga pasi hotelini mpaka nikastaafu, mtu hawezi kunificha mgongo. Akajibu vizuri kila nilichouliza. Ndiyo mama, hapana mama, asante mama. Alipoondoka nilikuwa simjui zaidi ya nilivyomjua alipoingia. Kitini kila mtu ni muungwana.

Sasa sikiliza. Shule ya Chiriku walipanda mlima, ule wetu wenye upara, yeye akawa kitandani na mashavu yake. Tangu hapo hanipi amani, "Bibi mlima, Bibi mlima." Na ule si mlima wa kutisha watu, kila mwisho wa juma wanapanda wazee na fimbo zao na akina mama wenye watoto mgongoni. Basi nikamwambia Fundi, "Jumamosi wiki ijayo utatupeleka mlimani." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, mama."

Ule ukimya wake nimeuweka akilini. Nikirudi nitakuandikia.

Mimi,
Mama mkwe wako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo, imenichekesha na kunitisha kwa pamoja. Naandika haraka, wodini kuna akina mama watatu na wote wana haraka kuliko mimi.

Mama, goti! Daktari alisema ngazi ni kwa shida tu, wewe unatafuta mlima mzima. Nimempigia Fundi nikamwambia akukatalie. Akanijibu, "Nani kati yetu anaweza kumkatalia?" Kweli, hata mimi sijawahi.

Kama lazima mwende, ishia kwenye miti. Kaa kivulini, waache wao wapande, uwapungie mkono. Najua barua hii haitakuwahi, lakini ningenyamaza ningepasuka.

Na jambo moja, nalo uliniambia mwenyewe nisikufiche mambo. Unapompandisha huko juu, unamtafuta mtu au unamtafutia kosa? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimeshajikwaa. Nisamehe.

Mkweo mwenye wasiwasi


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole na kazi. Sisi wote wazima. Naanza na hilo ili usiruke mistari ukitafuta maiti. Barua yako ya kunikataza ilipofika, mlima tulishaupanda. Kaa chini nikusimulie.

Tuliondoka asubuhi jua likiwa bado pole. Langoni watu walijaa kama sokoni. Vijana na redio zao, baba kambeba mwanawe mabegani, na bibi harusi na wapambe wake wanaokwenda kupigwa picha, viatu vya visigino mkononi. Nikajisemea, kama visigino vinapanda, goti langu ni nani likatae? Mwanzoni njia ni ngazi za magogo, halafu udongo uliokanyagwa na watu mpaka ukawa kama sakafu, miti kushoto na kulia. Fundi alibeba maji, matunda, masweta na mkoba wangu wa mkononi, akautundika begani bila kuona haya. Chiriku alitangulia akiongea, akarudi akiongea. Kila tukifika penye benchi Fundi anasema, "Mama, mimi nimechoka, tukae kidogo." Mtu anayepandisha mafriji kwenye ngazi! Nilimwelewa, nikakaa.

Basi, miti ikaisha. Pale mlima unavua nguo zote. Ni jiwe tupu, la kijivu, limeinuka kama kisogo cha mzee mwenye upara, nalo wamelipigilia vyuma na mnyororo wa kushikia. Watu wanapanda huku wanacheka. Chini unauona mji wote umetulia kama vyombo vilivyoanikwa. Nikageuka kumwonyesha Fundi. Fundi hayupo. Alikuwa ameketi chini ya mti wa mwisho, kaukumbatia kama ndugu aliyepotea, shati limelowa chapachapa.

"Vipi, Fundi?"

"Mama, mimi mwisho wangu hapa."

"Umeumia?"

"Hapana. Naogopa. Mahali pa juu napaogopa tangu utoto. Nikiitwa ghorofani kutengeneza friji, huomba kwanza wafunge pazia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulisema niwapeleke. Nikaona nitawapeleka mpaka pale nitakaposhindwa, halafu nitasema."

Mungu anisamehe, mwanangu, nilifurahi. Swali lako lilikuwa bado njiani kwenye mfuko wa posta, lakini jibu ningekupa palepale. Nilikuwa natafuta kosa. Na nikaona nimelipata. Mume wako alikuwa akiupanda mlima huu mbio mbio, anakutana nasi akishuka, sisi bado tunapanda, anatucheka. Huyu kakumbatia mti. Nikamwachia mizigo, nikamshika Chiriku mkono, tukapanda.

Juu ni pazuri, sitakuficha. Hakuna jani, hakuna nyasi, ni jiwe na upepo tu, na jiwe lenyewe lina uvuguvugu kama pasi iliyozimwa sasa hivi. Bibi harusi alikuwa anapigwa picha, shela linapepea anakimbizana nalo. Chiriku akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye jiwe, akanyamaza. Naapa, alinyamaza. Nikamwuliza anasikiliza nini. "Nasikiliza kama linapumua, Bibi."

Mpanda ngazi hushuka. Tulipofika katikati ya mnyororo, pale penye mteremko mkali, goti likakataa. Halikuuma sana, lilijifunga tu kama kufuli. Mbele siendi, nyuma sirudi. Watu wanapita pembeni, "Pole mama, pole mama." Kijana mmoja mwenye misuli akataka anibebe, nikamwambia mimi si gunia la mahindi. Unanijua nikiona aibu. Na mjukuu wangu, samahani, binti yako, akapaza sauti ile unayoijua:

"Anko Barafu! Bibi kakwama!"

Ndivyo anavyomwita. Nikamwambia nyamaza wewe, nikatazama chini nione mtu mzima atafanya nini. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Kisha akapiga magoti, akaja kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, pua inakaribia kugusa jiwe, mkono mmoja kwenye mnyororo. Watoto wa watu wakamcheka. Hakuinua uso mpaka kichwa chake kikagonga kiatu changu.

"Mama."

"Fundi."

"Nimefika. Sasa sijui la kufanya."

Mwanangu, tulicheka! Mimi niliyekwama na yeye anayetetemeka, tukacheka mpaka watu wakasimama. Halafu akasema, "Usitazame chini, mama, na mimi sitatazama. Chiriku atatutazamia." Tukakaa wote wawili kwa makalio, yeye mbele kidogo, mguu wangu mbovu ameulaza juu ya paja lake usijikunje, tukaanza kujiburuta. Chiriku mbele anatoa amri kama kondakta. "Bibi, kulia! Anko, hapo kuna shimo! Haya, pumzikeni!"

Tulipumzika. Nikajua sasa atazungumza habari zako, atajipendekeza. Hakujipendekeza. Aliniuliza, "Mama, mwanao alikuwaje?"

Miaka yote hii watu huniuliza naendeleaje, nimezoea vipi. Hakuna anayeniuliza alikuwaje. Wanalizunguka jina lake kama watu wanaozunguka dimbwi. Basi nikamwambia. Alivyokuwa akipiga mluzi mezani mpaka nimpige na mwiko. Alivyochambua vitunguu vyote kwenye mchuzi akavipanga ukingoni mwa sahani. Na nikamwambia kile ambacho hata wewe na mimi hatukisemi, kwamba alijua anaumwa, akatuficha miezi mizima akisema ni uchovu wa kazi, kwa sababu hakuna siku mtoto wangu alikubali kutamka kwamba anaogopa. Angetamka mapema... Mficha uchi hazai, wewe mkunga unalijua hilo kuliko mimi.

Fundi hakusema pole. Aliushika mguu wangu vizuri zaidi, akasema, "Endelea, mama. Jiwe bado refu."

Nikaendelea. Tulipofika kwenye miti nilikuwa nimemsimulia mpaka siku aliyokuleta nyumbani, ukakataa soda ukaomba maji, nikasema moyoni huyu ataweza.

Lakini jibu lako sijakupa, na sitalitoa leo. Tatizo si Fundi tena. Tatizo ni Chiriku. Anatembea kama baba yake, kidole gumba kikitangulia. Asubuhi nikizisikia zile hatua koridoni, kwa muda kidogo nyumba inakuwa na watu wote. Ukiolewa ataondoka nawe, na ni haki yako. Mimi nitabaki na mapazia.

Goti linaendelea vizuri. Fundi huja na barafu ya kulikanda, hiyo anayo tele.

Mama


4 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, karatasi imeanza kulegea kwenye mikunjo. Nilipomwuliza Fundi ilikuwaje mlimani, alinijibu maneno mawili: "Tulipanda, tukashuka." Kumbe hivyo!

Kuhusu mwanao, asante kwa kukitamka kile tulichokuwa hatukisemi. Nami nilikuwa nakijua. Usiku mmoja nilizikuta dawa kwenye kiatu chake, akaniapisha nisikwambie, na nilipoacha kumsikiliza tulikuwa tumechelewa. Mimi na wewe tumekuwa tukilindana kwa jambo ambalo wote tunalijua. Sasa tupumzike.

Kuhusu Chiriku sitakudanganya, mama, kwa sababu hujawahi kunidanganya. Nikirudi nitaishi naye. Jana nilimzalisha mwanamke, nikampa mtoto wake kifuani, nikatoka nje nikajifungia stoo ya mashuka. Amemaliza kung'oa meno ya mbele na mimi sikuwepo hata kwa jino moja. Siwezi kukuachia, na siwezi kuvumilia kukunyang'anya. Nimelizungusha jambo hili kila upande, sioni mlango.

Na kuna lingine. Fundi anataka kuwatuma watu wake waje kuniposa kwa heshima. Ameniuliza awatume nyumba gani, nikashindwa kumjibu. Kwa wazazi wangu hakuna mtu. Kwako nimeolewa, na watu hawaposi mke wa mtu kwa mama wa mumewe. Nimemwambia aache tu, tutaandikisha ndoa serikalini kimya kimya. Alisema sawa, lakini nilisikia kuwa si sawa.

Niandikie, hata mistari miwili. Hata kama ni ya kunigombeza.

Mkweo


11 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Kwenye simu Chiriku ananiambia uko "bize," na ukiichukua wewe unaniambia habari za bei ya sabuni. Nikimwuliza Fundi, anakohoa. Kama nimekuudhi, nimekosa. Kama goti limezidi, mniambie, nitakata tiketi hata kesho.

Nakupenda. Nilikuwa sijawahi kuandika neno hilo kwa mtu aliyenizidi umri, linaonekana dogo sana kwenye karatasi.

Mkweo


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba! Hujaniudhi, goti halijazidi, na Fundi anakohoa kwa sababu nilimwambia nikisikia amekueleza nitamrudisha kwenye ule mnyororo. Nilikuwa na kazi. Nimepaka rangi sebule. Nimeshona upya vitambaa vya makochi. Nimemfundisha mwanamume mmoja kupiga pasi mgongo wa shati, kazi ngumu kuliko sebule. Na yote hayo nilitaka uyasikie yakiwa yameiva, si yakiwa jikoni.

Jumapili iliyopita watu wake walikuja hapa.

Ndiyo, hapa. Nilimwita Fundi nikamwambia, "Waambie wa kwenu nyumba ni hii." Akaja dada yake mkubwa, mwanamke wa sauti, akicheka vikombe vinagongana, na mjomba wao mmoja mkavu, mstaafu wa mahakamani, anayekaa wima kama bado hakimu anatazama. Tukanywa chai, tukasifu mvua. Kisha dada akakohoa. "Mama, tumesikia nyumba hii kuna binti."

Nikasema, "Yupo. Yuko kazini mbali."

Mjomba akainua kidole. "Samahani, mama. Tusije tukafanya jambo ovyo ovyo. Sisi tunavyofahamu, huyu ni mkwe wako, mke wa marehemu mwanao. Anayeposwa huombwa kwa mzazi wake."

Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikipaka rangi. Yote yakapotea. Nikasimama, goti likalia kwa sauti, nikasema:

"Mzee, aliingia kwenye mlango ule kama mkwe, hilo sikatai. Akamwuguza mwanangu mpaka pumzi ya mwisho, akamfumba macho kwa vidole vyake mimi nikiwa nimegeukia ukutani nimeshindwa. Baada ya mazishi ndugu zangu wenyewe walirudi makwao. Yeye alibaki, akanipikia uji, akanisimamia mpaka niumalize. Alipopata kazi mbali aliniachia mtoto wake mmoja aliye naye, hakuna mwingine. Niambie wewe unayejua sheria, mkwe gani huyo? Huyo ni binti yangu, mimi ndiye mama yake. Mnayemtaka mtamwomba kwangu, na nisipowapa hamtampata kokote."

Dada wa Fundi akaanza kulia kwa sauti ile ile anayochekea. Mjomba akakitazama kikombe chake, akakiweka chini, akanyoosha koti. "Basi, mama wa binti," akasema, "tunaomba."

Nikawapa.

Mlango uliokuwa huuoni ni huo. Nililala macho mpaka nikauona. Mkwe akiolewa kwingine, anaaga na kwenda, na mama wa marehemu hubaki na picha ukutani. Lakini binti akiolewa haachi kuja kwao. Akijifungua anakuja kwao. Akigombana na mumewe anakuja kwao, namwombea asigombane. Na wajukuu, likizo ikifika, hutupwa kwa bibi mzaa mama bila hata kubisha hodi. Kwa hiyo Chiriku utakaa naye, ni wako, umlee wewe na mumeo. Fundi amepata nyumba mtaa wa nyuma, tunatenganishwa na ukuta wa shule. Hata zile hatua, upepo ukiwa mzuri, nitazisikia.

Nimemweleza Chiriku mwenyewe, taratibu. Akafikiri. Akaniuliza, "Sasa Bibi, wewe ni bibi mzaa baba au mzaa mama?"

Nikamwambia, "Pande zote mbili. Huna pa kukimbilia."

Njoo nyumbani.

Mama yako


15 Juni

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako niliipokea kazini, nikaisomea chumba cha kubadilishia nguo, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Nikakaa sakafuni nikalia mpaka msimamizi wetu akaja mbio. "Kuna msiba kwenu?" Nikamwambia hapana, nimeposwa. Wakakusanyika wote na nguo zao nusu nusu. Nani kaposa, nani kapokea, wakubwa gani walikuwepo. Nikawasomea mjomba wa mahakamani alivyosimamishwa na wewe. Mkunga mmoja mtu mzima, ambaye hacheki na mtu, akaniambia, "Lakini uliniambia wazazi wako walishafariki."

Nikamwambia, "Walifariki. Huyu nilipewa ukubwani."

Mkataba unakwisha mwezi wa saba. Nafika Jumamosi ya kwanza ya Agosti, asubuhi. Mwambie Fundi avae shati lolote, mradi mgongoni limenyooka. Wewe usije uwanja wa ndege, ni mbali na pale pana ngazi. Najua utakuja. Basi ukija, mshike Chiriku mkono, na nikitokea msimwambie ni mimi. Mwacheni anitafute kati ya watu. Nataka nimwone akinitambua, na kama hatanitambua upesi, nitasimama hapo hapo na masanduku yangu nimngojee mpaka anitambue.

Mtayarishe kidogo tu. Mwambie nimenenepa.

Binti yako